Upepo wa msafiri: kutoka Ruiru hadi Thika, kutoka Malindi hadi Calicut

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuongee kuhusu upepo, na hasa kuhusu hesabu moja ya upepo ambayo imewasumbua watu wa baiskeli na watu wa tanga kwa muda mrefu, na ambayo iliwahi kuwaua mabaharia kwa makumi katika bahari hii yetu.

Muulize mtu yeyote anayeendesha baiskeli kati ya Ruiru na Thika. Atakwambia barabara ile ina mlima usioonekana. Ukitazama ramani, miji yote miwili iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mabonde yapo, kama lile la mto Ndarugu ukishaipita Juja, lakini unachoshuka unakipanda na unachopanda unakishuka. Hata hivyo kuna miezi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo kwenda Thika ni kazi na kurudi Ruiru ni raha. Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo linalowachanganya wengi: ukijumlisha muda wa kwenda na wa kurudi, raha ya kurudi hailipi deni la kwenda. Unabaki umepunjwa dakika kadhaa, na hujui nani kazichukua.

Tuanze na ushahidi kwamba upepo wenyewe una mwelekeo. Si lazima uwe na kipimo. Tazama uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Njia yake ya kurukia ina namba 06 upande mmoja na 24 upande wa pili. Namba hizo si za mapambo. Ni mwelekeo wa dira ukiondoa sifuri ya mwisho, yaani nyuzi 60 na nyuzi 240. Ndege hupenda kupaa na kutua zikiutazama upepo, na pale Nairobi mara nyingi hutumia 06, zikielekea kaskazini mashariki. Sasa chora mstari wa moja kwa moja kutoka Ruiru hadi Thika kwenye ramani. Unapata nyuzi 44 hivi. Kwa hiyo anayekwenda Thika kwa baiskeli anaelekea karibu kule kule zinakoelekea ndege zinapopaa. Tofauti ni kwamba ndege inautaka upepo wa mbele, kwa sababu unaipa mbawa zake hewa ya bure. Mwenye baiskeli hana mbawa.

Upepo huo wa kaskazini mashariki watu wa pwani wana jina lake: kaskazi. Ni uleule unaovuma Lamu na Mombasa miezi hiyo, ila ukifika huku bara unakuwa umepanda milima na kupoa, na hakuna anayeuita jina. Tutaurudia.

Haya, hesabu. Kuna pepo mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Ya kwanza ni upepo wa kweli, ule anaouhisi mtu aliyesimama kando ya barabara akingoja matatu. Ya pili nitaiita upepo wa msafiri, yaani ule unaompiga mtu anayetembea. Siku ambayo hakuna upepo hata kidogo, mwenye baiskeli anayekwenda kilomita 25 kwa saa anahisi upepo wa kilomita 25 kwa saa usoni. Ameutengeneza mwenyewe. Ukija upepo wa kweli wa kilomita 15 kwa saa kutoka mbele, anahisi 40. Ukitoka nyuma, anahisi 10. Na akienda kilomita 15 kwa saa na upepo huohuo ukiwa nyuma yake, hahisi kitu chochote. Hewa imesimama, jasho halikauki, na moshi wa lori lililompita unamsindikiza kama rafiki asiyealikwa.

Mpaka hapo ni kujumlisha na kutoa. Tatizo ni kwamba ukinzani wa hewa haufuati kujumlisha na kutoa. Kani inayokurudisha nyuma inakua kwa mraba wa upepo wa msafiri. Upepo ukiwa mara mbili, kani inakuwa mara nne. Kwa sababu hiyo kile ambacho upepo wa mbele unakuongezea ni kikubwa kuliko kile ambacho upepo wa nyuma unakupunguzia. Na juu ya hilo kuna saa: upande ule mgumu ndio unaokaa nao muda mrefu zaidi.

Nimeandika hesabu hii kwa Python, mistari isiyofika thelathini. Nimemchukua mtu mwenye uzito wa kilo 85 pamoja na baiskeli yake, ameketi wima kama watu wanavyoketi kwenye Blaki Mamba, hewa nyepesi kidogo kama ya Thika, na barabara tambarare. Nguvu ya miguu nimeiacha palepale wakati wote, wati 112, ambayo bila upepo inampa kilomita 25 kwa saa kamili. Ruiru hadi Thika nimeiweka kilomita 20. Bila upepo ni dakika 48 kwenda na 48 kurudi, jumla 96. Nikaweka upepo wa kilomita 15 kwa saa kutoka mbele wakati wa kwenda na kutoka nyuma wakati wa kurudi. Kwenda, kasi inashuka hadi 17 na kidogo, na safari inachukua dakika 70. Kurudi, kasi inapanda hadi 34 na kidogo, dakika 35. Jumla 105. Dakika tisa zimepotea, na aliyezichukua ni ule mraba.

Sasa lile lililonishangaza mimi zaidi. Nikaugeuza upepo huohuo uvume kutoka ubavuni, nyuzi 90 kamili. Wengi wetu tungesema upepo wa ubavuni hausaidii wala haudhuru. Hesabu inakataa. Upepo wa msafiri ni mshazari wa pembetatu: upande mmoja ni kasi yako, upande wa pili ni upepo wa kweli. Mshazari daima ni mrefu kuliko kasi yako peke yake, kwa hiyo hewa inakupiga kwa nguvu zaidi, na sehemu kubwa ya kipigo hicho bado inatoka mbele. Kasi inashuka hadi kilomita 23.8 kwa saa, na safari nzima inakula dakika 101 badala ya 96. Kwa kasi hiyo na upepo huo, upepo haukusaidii mpaka uwe umepita nyuzi 98 hivi kutoka mbele. Maana yake, katika duara lote la nyuzi 360, nyuzi 196 ni adui. Ile hisia kwamba upepo uko kinyume nawe kila siku si kununa tu. Ina msingi wa jiometria.

Pembetatu hii ina historia nzuri ambayo haianzi kwenye baiskeli kabisa. Mwaka 1728 mwanafalaki Mwingereza James Bradley alikuwa na fumbo. Alikuwa amepima nafasi ya nyota moja kwa miezi mingi na kuona inasogea kidogo kwa mwaka, kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Kisa kinachosimuliwa, na ambacho Thomas Thomson alikiandika katika historia yake ya Royal Society mwaka 1812, ni kwamba Bradley alikuwa ndani ya mashua ya tanga katika mto Thames. Akaona kila mashua inapogeuka, kibendera kilicho juu ya mlingoti nacho kinabadili mwelekeo. Akawauliza mabaharia mbona upepo unageuka kila mashua inapogeuka. Wakamjibu kwamba upepo uko palepale. Mashua ndiyo iliyogeuka. Bradley akapata jibu lake. Nuru ya nyota ndiyo upepo, dunia inayozunguka jua ndiyo mashua, na darubini ndiyo kibendera. Kwa kuwa dunia inakwenda kilomita 30 hivi kwa sekunde, nuru inaonekana kuja kwa pembe iliyosogea sekunde 20 za nyuzi, na kutokana na pembe hiyo alikadiria muda ambao nuru ya jua inachukua kutufikia: dakika nane na sekunde kidogo. Hakukosea kwa mengi. Mimi napenda sehemu ya mabaharia katika kisa hiki. Walikuwa wanaijua pembetatu ile tangu utotoni, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mabaharia wetu nao waliijua, na lugha yao inaonyesha. Mashariki na magharibi hazitoshi kwenye jahazi; kinachohesabika ni upande upepo unakotoka, yaani joshini, na upande unakokwenda, yaani demani. Pande hizo zinahama kila chombo kinapogeuka, kama kibendera cha Bradley. Na kwenda kinyume cha upepo kwa kupiga pembe pembe, mara kulia mara kushoto, kunaitwa kubisha, neno lilelile la kubishana. Sijui lugha nyingine iliyoueleza uhusiano wa chombo na upepo wa mbele kwa usahihi kama huo.

Hapa ndipo tanga na baiskeli vinapoachana njia. Kwa mwenye baiskeli, upepo wa msafiri ni gharama tupu. Kwa mwenye tanga, ndio mafuta. Chukua chombo kinachokwenda kilomita 10 kwa saa na upepo wa kweli wa 15 ukitoka ubavuni. Upepo wa msafiri unakuwa 18, yaani mkali kuliko ule wa kweli, na umesogea mbele hadi nyuzi 56 kutoka omo. Mkuku unakizuia chombo kisiende upande, tanga linaipinda hewa kuelekea nyuma, na chombo kinasukumwa mbele. Kadiri kinavyoongeza kasi, ndivyo upepo wa msafiri unavyoongezeka. Chombo kinajitengenezea sehemu ya upepo wake. Mwisho wake ni pale upepo huo unaposogea mbele mno hata tanga likashindwa kuushika na kuanza kupigapiga. Lakini ukiwa na upepo nyuma yako barabara, mambo ni kinyume: kila unapoongeza kasi, upepo unaousikia tangani unapungua, na huwezi kuupita upepo unaokusukuma. Wanaodhani upepo wa nyuma ndio wenye kasi kuliko wote hawajawahi kukaa kwenye mashua yenye tanga zuri.

Tanga la pembetatu la majahazi yetu, lile linaloning'inia kwenye foromali, linaushika upepo wa ubavuni vizuri sana. Kubisha nalo ndiyo shida. Kila mara unapotaka kubadili upande, foromali ndefu na nzito lazima ivushwe hadi upande wa pili wa mlingoti, na kwenye vyombo vikubwa kazi hiyo hufanywa kwa kukigeuza chombo kwa kuupa upepo mgongo kwanza, jambo linalokurudisha nyuma ya pale ulipokuwa. Kisha kuna jiometria yenyewe. Ikiwa chombo kinaweza kwenda nyuzi 60 kutoka kwenye upepo, basi kila kilomita moja ya kusogea kinyume cha upepo inakugharimu kilomita mbili za maji, kabla hujahesabu mawimbi yanayokusukuma upande. Kwa mashua inayotoka Lamu kwenda Manda, sawa. Kwa jahazi lenye tende na chumvi linalovuka bahari nzima, hapana.

Watu wa Bahari ya Hindi hawakulitatua tatizo hilo kwa mbao na kamba. Walilitatua kwa tarehe. Kaskazi inavuma kutoka Desemba hadi Machi, ikiwaleta watu wa Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi hadi pwani yetu. Kusi inavuma kutoka Mei hivi hadi Septemba, ikiwarudisha. Katikati kuna kipindi cha pepo zisizo na uamuzi, kinachoitwa tanga mbili. Neno msimu lenyewe limetoka kwenye Kiarabu mawsim, na neno hilohilo kupitia Wareno ndilo lililowapa Waingereza jina lao la pepo hizi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaeleza pwani hii hadi soko la Rhapta na kutaja mashua zake zilizoshonwa kwa kamba. Kitabu hichohicho kinampa nahodha mmoja Mgiriki, Hippalus, sifa ya kugundua jinsi ya kukata bahari moja kwa moja kwa upepo wa msimu. Mimi hapo nabisha. Waarabu na Wahindi waliokuwa wakiishi ndani ya pepo hizo hawakuhitaji kumngoja Hippalus.

Tarehe hizo zilijenga miji. Chombo kilichotoka Ghuba au Bara Hindi kikiwa na kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kuuza, kununua, na kurudi na kusi ndani ya mwaka mmoja. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, kwenye dhahabu, kulimaanisha kukosa upepo wa kurudia na kungoja msimu mwingine. Basi Kilwa ikakaa pale upepo ulipoishia. Dhahabu ikaletwa kutoka kusini hadi Kilwa, na wageni wakaipokea hapo. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji ulioshiba. Anayetaka kueleza kwa nini Husuni Kubwa imejengwa pale ilipo hana budi kuanza na kalenda ya upepo.

Kalenda hii ilikuwa maarifa yaliyoandikwa. Ahmad ibn Majid wa Julfar, sehemu inayoitwa leo Ras al-Khaimah, alimaliza kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu mwaka 1490, na ndani yake misimu na tarehe za kung'oa nanga zina nafasi yake. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama. Watafiti wengi leo hawakubali. Vyanzo vya Kireno vyenyewe vinamtaja mtu wa Gujarati. Lakini yeyote aliyekuwa, alikuwa na kalenda kichwani, na tofauti yake ilikuja kuonekana kwa hesabu ya maiti.

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, wakagombana naye, akasogea hadi Malindi, ambako sultani alimpa rubani. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili. Kaskazi ilikuwa imekwisha na upepo ulikuwa unageukia kusini. Kwa siku 23 hawakuona nchi kavu, kisha milima ya Bara Hindi ikatokea, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Safari safi. Kwa chombo cha tanga, upepo ukiwa nyuma na ubavuni, hakuna la kuongeza.

Kurudi, aliondoka Calicut tarehe 29 Agosti, baada ya kutoelewana na mtawala wa huko. Mtu yeyote wa pwani angemwambia asithubutu. Agosti na Septemba kusi bado inatoka Afrika kwenda India. Oktoba ni kipindi cha pepo kufa. Kaskazi ya kuaminika inakuja baadaye. Alizungukazunguka pwani ya India, akakaa kwenye kisiwa cha Anjediva, na tarehe 5 Oktoba akaanza kuivuka bahari. Shajara ya safari hiyo, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwemo, inasema walikaa baharini miezi mitatu kasoro siku tatu. Upepo ulikuwa wa mbele, au haukuwepo kabisa. Ufizi wa watu ulivimba hadi kufunika meno, miguu ikavimba, kwa kukosa matunda na mboga. Ule ni ugonjwa wa kiseyeye. Watu 30 walikufa katika uvukaji huo, juu ya 30 wengine waliokuwa wamekufa kabla yake. Kila meli ilibaki na watu saba au wanane wenye uwezo wa kufanya kazi. Mwishowe upepo mzuri ukaja, na tarehe 2 Januari 1499 wakaiona Mogadishu. Tarehe 7 wakafika Malindi, wakapewa machungwa, na wengine walikufa hata baada ya kufika. Walipoondoka hapo, mabaharia hawakutosha kwa meli tatu, wakaichoma moto moja, São Rafael.

Siku 23 kwenda, siku 89 hivi kurudi. Njia moja, meli zilezile, nahodha yuleyule. Tofauti na mwenye baiskeli wa Ruiru ni ya vipimo tu, maana mraba haujali kama unamkinza mtu wa Blaki Mamba au meli ya mfalme wa Ureno. Wale waliongoja kusi ife na kaskazi iamke walivuka bahari hiyohiyo mwaka huohuo wakiwa na mizigo na watoto. Nguzo ya da Gama bado imesimama Malindi na watalii wanapiga picha. Aliyempa upepo hana nguzo.

Kalenda hiyo iliendelea kufanya kazi hadi enzi ambayo wazee wengine wanaikumbuka. Baharia wa Australia Alan Villiers alipanda jahazi la Kuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, chini ya nahodha Ali al-Najdi, akashuka na kaskazi hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, wakapakia boriti za mikoko, na kupanda tena hadi Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilitoka mwaka 1940. Anayekisoma akitafuta mashine hazipati. Atapata watu wanaojua siku ya kuondoka.

Halafu kuna Novemba 2012, mwezi ninaoupenda kwa sababu ya matukio mawili yasiyojuana. Tarehe 9 Rais Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika, ikiwa na njia za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni yake. Tarehe 24, huko Walvis Bay, Namibia, Paul Larsen aliendesha chombo cha tanga kiitwacho Vestas Sailrocket 2 kwa wastani wa noti 65.45 katika mita 500, yaani kilomita 121 kwa saa. Upepo wa kweli siku hiyo haukufika nusu ya kasi hiyo. Chombo kile kilikuwa kinakwenda kwa upepo wake chenyewe, ile pembetatu ya mashua ya Thames ikiwa imevutwa hadi karibu kupasuka. Miaka miwili kabla yake, 2010, kigari kiitwacho Blackbird cha Rick Cavallaro kilifanya lile ambalo wahandisi wengi walisema haliwezekani: kilikwenda moja kwa moja na upepo nyuma yake kwa kasi mara 2.8 ya upepo wenyewe, kwa kutumia rafadha inayozungushwa na magurudumu. Ni kama tanga linalobisha huku na huku bila kigari kuondoka kwenye mstari wake.

Baiskeli haikupata ukombozi wa aina hiyo, kwa sababu barabara haikupi ruhusa ya kuchagua pembe. Waendeshaji wa mashindano wanachoweza ni kujificha. Upepo ukitoka mbele, unajificha nyuma ya mwenzako. Ukitoka ubavuni, kivuli cha upepo kinaangukia nyuma na pembeni, basi wanajipanga mshazari kuvuka barabara, na barabara ikijaa, waliobaki hawana pa kujificha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alilijua hilo kwa pande zote mbili. Katika Tour de France ya 2013, siku ya kwenda Saint-Amand-Montrond, upepo wa ubavuni ulilikata kundi vipande na Froome akapoteza dakika moja na sekunde tisa kwa kundi la Contador. Mwaka 2016, siku ya kwenda Montpellier, yeye ndiye aliyetoroka kwenye upepo wa ubavuni pamoja na Sagan, Bodnar na Geraint Thomas, akavuna sekunde 12 pamoja na zile za bonasi. Alishinda mashindano yote miaka yote miwili, lakini tazama alivyobadilika: mara ya pili hakungoja upepo umkute.

Wa Ruiru na Thika hawana kundi la kujificha. Wengine hushika lori nyuma, na sitaki kumshauri mtu hivyo. Kivuli cha upepo nyuma ya lori ni kitamu na kinaua. Walicho nacho ni kile walichokuwa nacho watu wa Kilwa, ila kimefupishwa kuwa siku moja. Huku nyanda za juu asubuhi na mapema upepo huwa mdogo, kisha jua likishapanda unaamka, na mchana hadi jioni ndio unavuma. Rudi kwenye programu yangu. Anayekaa Ruiru na kufanya kazi viwandani Thika anakwenda alfajiri bila upepo, dakika 48, na anarudi jioni kaskazi ikiwa mgongoni, dakika 35. Jumla 83. Anayekaa Thika na kufanya kazi Ruiru anakwenda alfajiri kwa dakika 48 zilezile, halafu jioni akiwa amechoka anaikuta kaskazi usoni, dakika 70. Jumla 118. Barabara moja, miguu sawa, na tofauti ya dakika 35 kila siku ya kazi, Januari nzima. Ifikapo Julai, upepo unapotoka zaidi upande wa mashariki na kusini mashariki, unawapiga wote wawili ubavuni na tofauti karibu inafutika. Nikipangisha nyumba, hilo nalihesabu pamoja na maji na kodi.